Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya wa Afrika: msomeni daktari wa Guiglo

Waheshimiwa mawaziri wa afya wa nchi wanachama wa Umoja wa Afrika, na waheshimiwa wenyeviti wa kamati za afya za mabunge yetu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangu Februari 2022 hii ni lugha ya kazi ya Umoja wenu. Wakalimani wapo, na hakuna atakayerudisha barua kwa kisingizio kwamba haikusomeka.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya nchini Tanzania. Kada yetu mnaijua. Ndiyo inayompokea mgonjwa saa nane za usiku, ndiyo inayosifiwa kwenye hotuba za Siku ya Afya Duniani, na ndiyo inayosahaulika muundo mpya wa mishahara unapotoka. Lakini barua hii si ya mshahara. Nataka kuwasimulia maisha ya mwenzetu mmoja wa Afrika Magharibi. Alikuwa daktari msaidizi, akawa mbunge, akafuta kwa sheria fupi mno mfumo uliokuwa ukiwatoa wanaume majumbani kwao na kuwapeleka kwenye kazi ya shuruti. Baadaye akatawala nchi yake kwa miaka 33. Jina lake ni Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire, na wengi mnamkumbuka kwa hiyo miaka 33. Mimi nitaanza na miaka iliyotangulia, maana humo ndimo lilimo deni lenu.

Alizaliwa mwaka 1905, kwa tarehe iliyoandikwa serikalini, katika ukoo wa machifu wa Wabaule, kwenye kijiji ambacho leo ni mji wa Yamoussoukro. Alipita shule ya William Ponty katika kisiwa cha Gorée, kisha shule ya tiba ya Dakar iliyoanzishwa mwaka 1918. Alihitimu 1925 akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Wa kwanza, lakini msaidizi. Shule ile ilikusudiwa kutoa madaktari wasaidizi wa Kiafrika, watu wa kufanya kazi chini ya daktari Mfaransa. Cheti chao kilikuwa cha makoloni tu. Ufaransa kwenyewe hakikumruhusu mwenye nacho kumtibu hata mtu mwenye mafua. Mshahara ulikuwa wa msaidizi, cheo cha msaidizi, nyumba ya msaidizi. Wagonjwa ndio hawakuwa wasaidizi. Malale, ndui, ukoma, uzazi uliokwama, kidonda kilichooza: vyote vilimfikia kwanza yeye.

Mtu akijiuliza kwa nini shule ndogo kama ile ilizaa wanasiasa wengi, jibu limo humo. Afrika Magharibi ya Wafaransa haikuwa na chuo kikuu. Kijana mwenye akili angeweza kuwa mwalimu, karani, au daktari msaidizi, na kati ya hao ni daktari aliyefika kila kijiji na kuingia ndani ya nyumba za watu. Auguste Denise, aliyeongoza baraza la serikali la Côte d'Ivoire kabla ya uhuru, alitoka shule hiyo hiyo. Émile Derlin Zinsou, aliyekuja kuwa rais wa Dahomey, Benin ya leo, mwaka 1968, naye pia. Wote walijua kusoma ramani ya nchi kwa miili ya watu wake.

Houphouët alipangiwa hospitali ya Abidjan. Hakukaa muda, akaanzisha chama cha wahudumu wa afya wenyeji. Wakubwa hawakukipenda. Aprili 1927 akapata uhamisho kwenda Guiglo, magharibi, ndani ya msitu, mahali palipokuwa na sifa mbaya kiafya. Alihamishwa tu, basi.

Waheshimiwa, barua za namna ile bado zinaandikwa katika wizara zenu, na huwa na maneno "kwa manufaa ya umma". Namjua muuguzi aliyeuliza mbele ya wageni ni lini glavu zitafika. Mwezi haukuandama mwingine kabla hajaanza kufunga mizigo. Sitataja kituo wala mkoa. Wakoloni walikuwa na sababu yao: walitawala kwa nguvu na hawakutaka maswali. Ninyi mna sababu gani? Kama nchi yako haina kanuni inayomlinda mhudumu wa afya anayesema hadharani kwamba dawa zimekwisha, mheshimiwa, kanuni hiyo haihitaji mfadhili wala mshauri mwelekezi. Iandike.

Uhamisho ule ulimfundisha Houphouët mambo ambayo Abidjan isingemfundisha. Mwaka 1929 alitolewa Guiglo akapelekwa Abengourou, mashariki, nchi ya Waanyi, nchi ya kakao. Hapo alikuta wakulima Waafrika wenye mashamba mazuri na mifuko mitupu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeanza, bei zilikuwa zinaanguka, na mnunuzi wa Kizungu ndiye aliyepanga atoe nini. Mwaka 1932 daktari huyu akaandika makala katika gazeti la wasoshalisti lililokuwa likitoka humo humo Côte d'Ivoire, akisema wazi kwamba wakulima wameibiwa kupita kiasi. Aliandika kwa jina la bandia, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali. Nami sitaweka jina langu chini ya barua hii, kwa sababu ile ile.

Hapa naomba mtulie kidogo. Kila aliyefanya kazi wodini anamjua mgonjwa anayerudi. Mtoto mwenye utapiamlo unamlisha, uzito unapanda, unamruhusu; baada ya miezi michache mama yake anamrudisha akiwa vile vile. Dawa haikukosea. Tatizo liko kwenye mzani wa mnunuzi wa mazao, au kwenye mkopo wa pembejeo, au kwa baba aliyekwenda kutafuta kibarua asirudi. Tabibu anaweza kuandika hayo kwenye faili, lakini hakuna duka la dawa linaloyauza. Daktari anayegombea ubunge huwa anatuambia, kwenye jukwaa, kwamba anakwenda huko ili atibu chanzo. Ni ahadi nzuri. Tatizo ni kwamba wengi wakishaapishwa husahau hata jina la ugonjwa.

Houphouët hakulisahau. Ugonjwa wa Côte d'Ivoire ya wakati wake ulikuwa kazi ya shuruti, shokoa ile ambayo wazee wetu huku nao waliijua chini ya Wajerumani na Waingereza. Mwanamume alidaiwa siku za kazi za barabara bila malipo. Juu ya hapo, mkuu wa wilaya Mfaransa alimpa chifu idadi ya watu wanaotakiwa, chifu akawakusanya, wakapelekwa kwenye mashamba ya kahawa na kakao ya Wazungu au kambi za kukata magogo, mbali na kwao. Mwaka 1932 koloni la Volta ya Juu, yaani Burkina Faso ya leo, lilivunjwa na sehemu yake kubwa ikaunganishwa na Côte d'Ivoire. Moja ya sababu ilikuwa hiyo: kuwapata Wamosi, watu wa huko, kwa kazi bila kuvuka mpaka wa kiutawala. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, na utawala wa Vichy, ile serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ukashika koloni, mahitaji ya watu yaliongezeka. Wengi walikimbilia Gold Coast, Ghana ya leo, kwa Waingereza. Fikirieni mkoloni wa aina gani anayemfanya mkoloni mwenzake aonekane kimbilio.

Wakati huo Houphouët alikuwa ameacha sindano. Mwaka 1940 aliitwa kuwa chifu wa tarafa ya Waakouè, na alikuwa amerithi mashamba makubwa. Septemba 1944 yeye na wakulima wenzake wakaanzisha chama cha wakulima Waafrika, Syndicat Agricole Africain. Gavana André Latrille, kinyume na wengi wa kabila lake la utawala, aliwaunga mkono. Chama kilifanya jambo ambalo naliona kuwa la kidaktari kabisa: kabla ya kudai mfumo ufutwe, kilijaribisha tiba. Kwa msaada wa chifu maarufu wa Korhogo, Gbon Coulibaly, kilikwenda kaskazini kutafuta vibarua wa hiari, kikawapa malipo bora kuliko ya mashamba ya Wazungu, na katika mashamba mengine sehemu ya mavuno. Watu walikuja. Hoja ya miaka mingi, kwamba Mwafrika hawezi kufanya kazi bila kusukumwa, ikafa hapo.

Mwishoni mwa 1945 alichaguliwa kuingia Bunge la Katiba mjini Paris, kwa ushindi mwembamba. Nawasihi mkumbuke ni bunge la namna gani. Wabunge wa Afrika walikuwa wachache kupita kiasi, na uchaguzi wenyewe uligawanywa makundi mawili, raia wa Ufaransa kwao na "raia wa chini" kwao. Mkutano wa watawala wa makoloni ya Ufaransa uliofanyika Brazzaville mwaka 1944 ulikuwa umependekeza kazi ya shuruti ikomeshwe polepole, kwa muda wa miaka mitano. Wenye mashamba walionya kuwa uchumi utaanguka siku hiyo hiyo. Ninyi mnayajua maneno hayo, "awamu kwa awamu", "kulingana na upatikanaji wa fedha", maana ndiyo mnayotujibu.

Sheria ilitoka tarehe 11 Aprili 1946, na mpaka leo inajulikana kwa jina lake. Kiini chake kinaingia kwenye mstari mmoja: kazi ya shuruti au ya lazima inapigwa marufuku kabisa katika maeneo ya ng'ambo. Haina awamu, wala haimwachii mkuu wa wilaya mwanya wa kusema "isipokuwa pale itakapobidi". Uchumi haukuanguka, katika miaka iliyofuata kahawa na kakao ya Côte d'Ivoire iliongezeka, tena sana. Habari zilipofika vijijini watu waliondoka kambini wakarudi makwao. Ukitaka kujua kwa nini mtu huyu baadaye aliabudiwa, anza hapo. Watu walikumbuka ni nani aliyewarudishia baba zao.

Sasa nije kwenu. Nyote mnafahamu kwamba katika hospitali nyingi za bara letu, za umma na za binafsi, mgonjwa aliyepona huzuiwa asitoke mpaka alipe. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hukaa wiki nzima juu ya kitanda ambacho mwingine anakihitaji, akinyonyesha chini ya ulinzi. Aliyekufa naye huzuiwa: ndugu huchangishana, huuza ng'ombe, huomba redioni, ili wapewe maiti yao wakazike. Mambo haya yako Nigeria, yako Kongo, yako Kenya, na sisi Tanzania yametufikisha hadi bungeni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi jijini Nairobi kwa ajili ya deni kulivunja haki zao za kikatiba. Hukumu ilisomwa, ikapigiwa makofi, na wagonjwa wakaendelea kuzuiliwa kwingine.

Deni ni deni, nakubali. Kituo kisicho na mapato hakinunui uzi wa kushonea. Lakini kuushikilia mwili wa mtu, ukiwa hai au umekufa, kama dhamana ya fedha, ni jamaa wa karibu sana wa kile kilichofutwa Aprili 1946. Ninachowaomba ni sheria ya mstari mmoja katika kila nchi: kumzuia mgonjwa au maiti kwa sababu ya deni la matibabu ni marufuku kabisa, na msimamizi anayeamuru hivyo anatenda kosa la jinai. Deni lifuatwe kwa njia nyingine, kama yanavyofuatwa madeni mengine yote. Msituletee waraka unaosema "wasimamizi wanashauriwa". Nimeshaona nyaraka hizo zikibandikwa ukutani, juu kidogo ya dirisha la malipo.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Houphouët hakuwa malaika katika jambo lile. Kweli. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Alikuwa mmoja wa wakulima wakubwa wa Kiafrika katika koloni, na mfumo wa shuruti uliwapa Wazungu vibarua huku mashamba kama yake yakikosa. Sheria ilimnufaisha. Sioni haja ya kulificha, wala silioni kuwa doa kubwa, kwa sababu faida yake na ya kibarua wa Korhogo zilivutwa upande mmoja. Linaloniuma ni hali ya leo, ambapo mjumbe wa kamati ya afya ana hisa katika hospitali binafsi, au duka la jumla la dawa, au kampuni inayoleta vitendanishi, na faida yake inavutwa upande tofauti na wa mgonjwa. Wenyeviti, mnawajua wajumbe wenu. Orodha ya mali zao ikiwekwa wazi, na mwenye maslahi akatoka nje ya chumba wakati bajeti ya dawa inajadiliwa, tutakuwa tumesonga.

Kuhusu kinga ya bunge nina neno fupi. Januari 1950, koloni likiwa limewaka kwa migomo na kamatakamata dhidi ya chama chake cha RDA, mamlaka zilitaka kumkamata. Kinga yake ya ubunge ndiyo iliyomwokoa, wakati wenzake walikuwa gerezani na huko Dimbokro watu walipigwa risasi wakafa. Kinga iliwekwa kwa ajili ya mtu kama huyo na siku kama hiyo. Haikuwekwa kwa ajili ya mheshimiwa aliyeuza magari ya kubebea wagonjwa.

Novemba 1957 likatokea jambo ambalo nikiwasimulia wanafunzi wa tabibu hucheka hadi machozi. Waziri mkuu wa Ufaransa, Félix Gaillard, alipounda serikali yake, wizara ya afya alimpa Houphouët-Boigny, naye akaishika hadi Mei 1958. Yaani mtu ambaye cheti chake hakikumruhusu kufungua chumba cha kutibia mjini Paris ndiye aliyekuwa akitia saini nyaraka za kusimamia madaktari wa Paris. Kada za chini, tusikate tamaa.

Kisha ikaja ile miaka 33, na hapa mwendo wangu utakuwa wa haraka, kwa kuwa mengi yanajulikana. Alikuwa rais kuanzia 1960. Nchi ilistawi kwa kakao, Abidjan ikapanda maghorofa, wageni wakaja kutafuta kazi. Mwaka 1963 mawaziri na wabunge wengi walikamatwa kwa njama ambazo yeye mwenyewe baadaye alikubali hazikuwepo. Ernest Boka, aliyekuwa rais wa Mahakama ya Juu, alifia kizuizini 1964. Na bunge, lile jambo lililomwinua, alilifanya kuwa muhuri. Hadi mwaka 1980 wabunge waliingia kwa orodha moja ya chama kimoja, iliyopangwa juu. Hakuna daktari msaidizi kutoka Guiglo ambaye angeweza kupenya katika orodha ile na mswada wake mfukoni. Mwaka 1989, soko la dunia lilipoporomoka na hazina ikiwa tupu, bei ya mkulima wa kakao ilishushwa kutoka faranga 400 kwa kilo hadi 200. Alikuwa amepambana na wanunuzi wa dunia kabla ya kufika hapo, hilo apewe haki yake. Ila siachi kumfikiria yule mwandishi wa makala ya 1932 akiisoma bei hiyo.

Na katika miaka hiyo hiyo ya ukata alijenga basilika.

Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 1985 huko Yamoussoukro. Mwaka 1987 serikali ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake ya nje. Ujenzi haukusimama. Jengo lilikamilika 1989: kimo cha mita 158, juu ya kile cha Mtakatifu Petro wa Roma, viti 7,000 ndani, madirisha makubwa ya vioo vya rangi, na katika mojawapo sura ya rais mwenyewe. Aliposhambuliwa alisema fedha ni za familia yake na ardhi ni ya familia yake. Mwanzoni mwa 1990 serikali ilipotaka kukata mishahara ya watumishi, wanafunzi na wafanyakazi waliingia barabarani, na mwaka huo huo mfumo wa vyama vingi ukarudi. Ni katika hali hiyo Papa Yohane Paulo II alipofika, tarehe 10 Septemba 1990, kulitabaruku kanisa.

Papa alikuwa ameweka sharti: pembeni ya kanisa pajengwe hospitali. Jiwe la msingi la hospitali akalibariki katika safari ile ile.

Wenzangu Wakristo wasinielewe vibaya. Sina ugomvi na kanisa, na waumini wanaosali pale wana haki ya uzuri. Nasema juu ya mpangilio. Daktari ndiye aliyejenga kanisa, na kiongozi wa dini ndiye aliyelazimika kumwambia daktari ajenge hospitali. Hilo tu lingetosha kumfanya tabibu ashike kichwa. Lakini hospitali yenyewe haikujengwa. Lile jiwe lilikaa. Mwenye kuliweka alikufa, Papa akafa, nchi ikaingia vitani 2002, ikatoka, ikaingia tena 2010, na milango ya hospitali ya Mtakatifu Joseph Moscati ilifunguliwa Januari 2015. Karibu miaka 25. Mtoto aliyezaliwa kijijini siku ya baraka za jiwe angeweza kuwa amesoma udaktari akamaliza, aje aajiriwe pale siku ya kwanza.

Houphouët mwenyewe alitumia miezi mingi ya mwaka wake wa mwisho huko Ulaya akitibiwa, akarudishwa nyumbani kufa. Alifariki tarehe 7 Desemba 1993. Wahenga walisema mganga hajigangi, na hakuna anayemlaumu mgonjwa wa saratani kwa kutafuta tiba inakopatikana. Lakini alikuwa na miaka 33 na kakao ya dunia mikononi, na fani hiyo aliijua kwa vidole vyake.

Waheshimiwa, nimesimulia mawili, sheria ya mstari mmoja na jiwe la miaka 25, na mtu ni yule yule. Nimejaribu kutafuta ni wapi alipobadilika, nikaona kwamba sheria aliitunga alipokuwa bado karibu na wagonjwa wake, miaka michache tu baada ya kuacha kazi, akiwa mmoja kati ya wengi bungeni na akilazimika kushawishi. Jiwe aliliacha likae wakati ambapo hakukuwa na mtu nchini wa kumuuliza limefikia wapi. Nawaomba mjipime kwa hilo. Ni nani anayeweza kuwauliza? Mganga mkuu wa wilaya akija na takwimu mbaya za vifo vya uzazi, anarudi na bajeti au anarudi na onyo?

Aprili 2001 wakuu wa nchi walikutana Abuja, huko huko Afrika Magharibi, wakaahidi angalau asilimia 15 ya bajeti ya taifa kwa afya. Nchi nyingi hazijawahi kuifikia. Hili nalo ni jiwe lililobarikiwa. Sitawaomba mlifikishe mwaka huu, kwa sababu mtaniambia awamu kwa awamu. Nawaomba mambo matatu yasiyohitaji asilimia: kanuni ya kumlinda mhudumu anayesema ukweli asipewe Guiglo yake, sheria ya mstari mmoja juu ya wagonjwa na maiti, na maslahi ya wajumbe wa kamati za afya yabandikwe mahali wananchi wanapoweza kuyasoma.

Na katika kikao chenu kijacho, kabla ya ajenda ya kwanza, naomba mwenyekiti apitishe karatasi. Kila waziri aandike jina la hospitali alikotibiwa mara ya mwisho alipougua ugonjwa wa maana, yeye au mtoto wake, na nchi ilipo hospitali hiyo. Karatasi isomwe kwa sauti, kwa lugha zote za Umoja. Mkiona aibu kuisoma, itumeni kwetu vituoni, tutawasomea.

Wasalaam,

Tabibu, kituo cha afya,
Tanzania